Nyaya za Kariuki

Nakumbuka Jumapili moja Nanyuki, mwanangu, watu wakiwa kanisani na mimi nimejifungia gerejini, nakata nyaya za rafiki yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, wala sikutoka kuutazama.

Gereji ilikuwa yetu wawili, mimi na Kariuki, na hakuna aliyekuwa na cheti. Mimi nilijifundisha umeme wa magari kwa kufungua redio mbovu na kusoma vitabu vilivyochakaa. Yeye alijifunza kwa kushika tu. Kazi yake ilidumu, ila haikupendeza macho: mafundo manene, teipu nyingi. Mimi sikulala nikijua kuna waya haujanyooka. Watu waliniita hodari, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja mtu angefungua boneti na kusema, huyu hakusoma.

Kwa hiyo nilikuwa na tabia ya kuirudia kazi ya Kariuki kisirisiri. Mara ya mwisho aliponishika aliongea bila hasira, akinawa mikono kwa mafuta ya taa.

"Ukifungua tena kazi yangu, mimi naenda. Sitabishana na wewe. Nitachukua spana zangu tu."

Nikamwahidi.

Halafu likaja gari la Bwana Mutuma, mkulima wa ngano wa Timau aliyependa mashindano ya magari. Injini yake ilikuwa na turbo, na turbo ikisukuma hewa kwa nguvu, joto hupita kiasi. Alikuwa amenunua kifaa cha kunyunyiza maji yaliyochanganywa na methanoli kwenye hewa inayoingia, ili ipoe. Tangi na pampu ndogo ya umeme vilikaa nyuma. Turbo ikisukuma vya kutosha, swichi inawasha pampu. Pampu isipozunguka, injini hugonga, na ikiendelea hivyo pistoni hutoboka. Kariuki alivuta nyaya, mimi nikafunga pampu.

Baada ya siku chache Bwana Mutuma akarudi.

"Fundi, hii maji yenu iko na madharau. Hapa mjini inafanya. Nikianza kupanda Timau, inalala. Na taa ya dashibodi inaniambia ati iko kazini."

Nilipima gari likiwa limesimama. Fyuzi nzima, rilei ya kuwashia pampu pia, na pampu yenyewe ikazunguka kila nilipoijaribu. Hitilafu ilipojificha, hofu yangu ikatafuta wa kulaumiwa, na macho yakaenda kwenye mafundo ya Kariuki. Sikumwuliza neno. Nilingoja Jumapili, nikazing'oa nyaya zake zote nikaweka zangu, zimenyooka kama mistari ya daftari.

Jumatatu Kariuki alizikuta za kwake kwenye debe la takataka. Alichukua moja, akalivuta fundo kwa mikono miwili. Halikuachia.

"Ni mimi nilikuwa nimekosea?"

"Sijui bado," nikasema.

"Sawa." Akakusanya spana zake.

Gari halikupona. Hapo ndipo nilipoelewa shida niliyojiletea. Pampu ililala tu gari likiwa linapanda na kutikisika, na dereva hawezi kuwa kwenye usukani na nyuma kwa wakati mmoja. Niliendesha njia ya Timau peke yangu mara nyingi. Injini ikigonga, nasimama kando ya ngano, nakimbia nyuma, na pampu inazunguka vizuri. Upepo unavuma, hakuna mtu. Gerejini nilijikuta nikinyoosha mkono na kusema, "Nishikie hapa," kisha nakumbuka.

Mwishowe nilimfuata Kariuki kwenye kiwanda cha mbao alikopata kibarua. Alikuja. Alikaa nyuma, mkono mmoja juu ya pampu, mwingine umeshika taa ya kupimia kwenye waya unaoleta umeme. Tulipofika kwenye mpando wa Timau injini ikaanza kugonga.

"Imelala," akasema. "Lakini umeme unafika. Taa yangu inawaka."

Nikasimamisha gari. Kama umeme unafika na pampu haizunguki, basi hauna njia ya kurudi. Nilifungua bolti ya waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na chini yake nikakuta rangi nyeusi inayong'aa. Niliipaka mwenyewe nilipofunga pampu, kwa kuwa sikuvumilia kuona chuma kitupu. Bolti ilikuwa inagusa kidogo tu, na mtikisiko uliiachanisha. Nikakwangua rangi yote, nikakaza. Tukapanda tena, na pampu ikanguruma chini ya mkono wa Kariuki mpaka juu.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Rudi gereji, ndugu yangu."

"Nikirudi, kila fundo nitafunga utakuwa unaliangalia."

"Sitaangalia."

"Utaangalia," akasema kwa upole. "Na mimi nitakuwa nakuangalia ukiliangalia. Nishukishe hapo kwa mbao."

Nikamshukisha. Tangu hapo nimefanya kazi peke yangu. Wateja walisifu usafi wa gereji yangu, na ni kweli ilikuwa safi. Hapakuwa na mtu wa kuichafua.

Mwanangu, kitu kikikataa kufanya kazi, anza kukagua ulichokifanya kwa mikono yako, hasa kile unachojivunia. Usikate waya wa mwenzako kabla hujamwita aje muukague pamoja. Na ukiona huwezi kulala kwa sababu ya kazi yake, mwambie yeye kwamba unaogopa. Mimi sikumwambia Kariuki hata siku moja, na huenda angenielewa.

Mungu akupe kazi ya kukutosha, na akupe mtu wa kula naye chakula cha mchana.