Marehemu wa Tabernas

Delmer Stroud alikufa mara thelathini na moja, na kwa maoni yake mwenyewe hakufa vizuri hata mara moja. Alipigwa risasi, alinyongwa, aliangukiwa na kengele ya kanisa. Katika filamu moja aliuawa kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Katika nyingine aliuawa mara mbili, ya pili akiwa na masharubu ya bandia, na hakuna mtazamaji aliyegundua kuwa ni mtu yuleyule. Kisa hicho alipenda kukisimulia mwenyewe baa, kabla mwingine hajamtangulia.

Kwao Omaha, Marekani, alikuwa akiuza majokofu. Alikuja Tabernas, mji mdogo wa jangwani kusini mwa Uhispania walikopiga filamu za kauboi, mwaka 1965 kwa kazi ya wiki tatu, kwa kuwa alikuwa mrefu, alikuwa Mmarekani kweli, na alikuwa na jino bovu lililompa sura ambayo waongozaji wa Kitaliano waliiona ya kikatili. Jino lilipong'olewa ilimbidi ayaigize maumivu yake, na hicho ndicho chuo pekee cha uigizaji alichowahi kusoma. Farasi hawakumheshimu. Kuna siku alianguka kutoka mgongoni mwa farasi aliyekuwa amesimama anakula.

Kusema hakukuhitajika. Filamu zile zilipigwa bila sauti, kisha watu wa Madrid wakatia maneno studioni. Kwa hiyo Delmer aliambiwa ahesabu tu, kwa Kihispania, ili midomo ikae sawa. Akahesabu. Alitishia wakulima kwa moja hadi kumi na mbili. Alimlilia nduguye maiti kwa ishirini hadi thelathini. Kwenye skrini ilitoka sauti nzito ya mtu wa Madrid asiyemjua, na wanawake waliomsikia sokoni, akiwa na kile kisauti chake chembamba cha puani, walimpa pole ya mafua.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Bibi Angustias alikuwa kiziwi tangu homa ya ujana wake, na midomo ya watu aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Katika ukumbi wa sinema alikaa mstari wa mbele, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, aliipaza ikafika mlangoni.

"Kumi na saba," alitangaza, Delmer akikata roho. "Marehemu leo kaishia kumi na saba. Wamemharakisha."

Watu wakaangua kicheko, na Delmer, kule nyuma, akacheka kuliko wote. Kumcheka Delmer ilikuwa kazi yake ya miaka mingi, na hakutaka mtu amzidi.

Binti wa bibi huyo, Virtudes, mjane wa miaka arobaini na moja, alikuwa fundi cherehani wa mavazi ya filamu. Yeye ndiye aliyeziba matundu ya risasi. Shati moja la buluu la Delmer alikuwa amelitia viraka mara kumi na moja.

"Wamekupiga wapi leo?"

"Begani. Na tumboni."

"Waambie wapige palepale pa zamani. Kitambaa kimeniishia."

"Nitawaambia. Ila hawanisikilizi, Virtudes. Hata farasi hanisikilizi."

Virtudes hakucheka. Aliinama kukata uzi kwa meno, mabega yakimtikisika. Delmer alimpenda. Miaka sita alimpenda, na kwa ujasiri wote wa mtu aliyeua masherifu tisa, hakuthubutu kumwambia.

Mwaka 1973 filamu za kauboi zikakauka. Wamarekani wengine walipanda ndege mmoja mmoja. Katika filamu yake ya mwisho, Delmer alitakiwa afe mchangani huku akimwonyesha mjane mmoja mahali ilipofichwa dhahabu. Virtudes alisimama kando ya kamera, sindano zimechomekwa kwenye gauni kifuani. Delmer akaona ni leo au basi. Akamtazama Virtudes, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakuhesabu.

Masikini, alisahau feni. Walikuwa wamewasha lile feni kubwa la kupeperusha vumbi, na lilinguruma kuliko lori. Virtudes alimtazama hadi alipokufa, akamsogelea, akanyoosha mkono.

"Nipe shati."

Delmer akalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Miezi minane alizurura Tabernas akidai anasubiri barua kutoka Roma. Hakukuwa na barua. Mwishowe akakata tikiti ya basi la Jumatatu, aende Madrid na kutoka huko arudi kwao. Jumapili mchana filamu ile ilionyeshwa, naye akaenda kujiaga. Hakuwa na wasiwasi, kwani maneno yalikuwa ya Madrid. Kwamba Bibi Angustias husoma midomo hakukumbuka kabisa, na huko ndiko kuwa Delmer.

Pale mchangani alipoanza kufa, ile sauti nzito ikasema dhahabu iko chini ya kisima.

"Moja," akaanza bibi. Akasogeza uso mbele. "Hapana. Leo hahesabu."

Virtudes akamgusa mkono amtulize. Bibi akausukuma.

"Anasema, Virtudes. Anakutaja wewe. Anasema, kila nikifa wewe ndiye unayeniziba. Anasema, sina kazi, sina sauti, farasi ananidharau. Anasema, ukinitaka nitabaki hapa. Sasa kafa."

Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote viligeuka nyuma, vikamkuta Delmer amejikunja kitini, masikio yamewaka moto. Virtudes alimgeukia mama yake, akamwambia kitu kwa midomo tu, bila sauti.

"Anasema hakusikia," bibi akamwambia Delmer, ukumbi mzima ukisikia. "Anasema lilikuwa feni, na miezi minane anajiuliza ulikuwa unasema nini kirefu namna ile. Anasema urudie. Kwa sauti yako."

Delmer akasimama. Alitafuta mzaha wa kutangulia nao, kama alivyozoea, na safari hii hakuupata.

"Nataka kubaki nawe, Virtudes," akasema, kwa kile kisauti chake cha puani.

Virtudes aliondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni yake, akalipakata, kiti kikabaki wazi.

Bibi Angustias, aliyekuwa amegeuka amsome Delmer midomo, akawatazama jirani zake mstari mzima.

"Hakuhesabu," akawaambia.