Mama Tumaini na Majina ya Diski

Usiku ule nililala fofofo, maana nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Kesho yake, Jumamosi, nilitakiwa kubadilisha majina ya diski za mashine yetu kubwa, ile inayotunza kumbukumbu za wastaafu wa mfuko wetu. Mashine ya tawi ilikuwa inaunganishwa na yetu, na diski zake zilikuwa na majina yaleyale ya kwetu. Mashine haivumilii diski mbili zenye jina moja, kwa hiyo za kwetu zilipaswa kupewa majina mapya. Mchana bosi wangu, Bwana Kessy, alikuwa amenitania, "Lazaro, hivi jina tu ndilo linakutoa jasho?" Nikacheka naye. Nilikuwa nimeshaijaribu amri ya kubadilisha jina kwenye diski moja tupu, ikakubali bila kinyongo.

Basi nikaota niko kwenye chumba cha mashine. Baridi ya kiyoyozi ilikuwa ileile ya kuuma masikio. Mama Tumaini alisimama kati ya makabati, amejitanda kanga mbili mabegani kama alivyozoea, kwa kuwa hakuwahi kupatana na baridi ile. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na mwaka uliopita tulimzika kwao Upareni. Sikushangaa kumwona. Niliona haya tu, kama mtu aliyekutwa anadokoa mboga jikoni. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Nageuka, makabati hayapo. Tuko kwenye geti la ofisi, jua kali, na wazee wamejipanga foleni hadi barabarani. Wa kwanza ni bibi mmoja mrefu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu, kabeba kikapu cha ndizi mbivu. Anamwambia mlinzi, "Namtaka Salome. Ni mdogo wangu." Mlinzi anamjibu kwamba hapa hakuna Salome. Anasema kwa adabu kabisa, anampa hata kiti apumzike. Lakini Salome hayupo.

Na Mama Tumaini yuko hapa, ubavuni kwangu. Salome ndilo jina lake la kuzaliwa. Watu waliacha kulitumia tangu alipomzaa Tumaini, na ofisini kwetu hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nikamvuta kanga.

"Mama, dada yako anakuita!"

"Namsikia," akasema.

"Nenda basi!"

"Nitatokaje, na ameshaambiwa sipo?"

Yule bibi anaweka kikapu chini, anakibeba tena, anaondoka. Mzee aliyekuwa nyuma yake anasogea, anataja jina la mtu wake, naye anaambiwa hakuna mtu huyo. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Niliumia kuliko nilivyoumia siku ya mazishi yake, maana siku ile angalau sote tulijua alipo.

Hapo ndipo nilipoelewa, ningali ndotoni, kosa nililokuwa nakwenda kulifanya. Mashine yetu haitafuti faili kwa kupekua diski zote. Inaiuliza katalogi, orodha yake ya kila faili na mahali lilipo, nayo katalogi inajibu kwamba faili hilo limo kwenye diski fulani. Mimi nilipanga kubadilisha jina la diski huku kumbukumbu za wazee zimo ndani, na katalogi sikuwa nimepanga kuiambia chochote. Diski tupu ilinikubalia kwa sababu ndani yake hakukuwa na mtu wa kuitwa.

Sijui tulifikaje, lakini sasa tuko kwenye nyumba ya bati, na Mama Tumaini amejifunga kanga kiunoni, anatoa vyombo nje. Ananitwisha godoro. Tunabeba vitanda, masufuria na mtoto mmoja aliyelala, tunavipeleka nyumba ya jirani. Kwa kila tunachokivusha anasimama barabarani na kutangaza, "Amehamia kwa jirani! Mtafuteni kwa jirani!" Hata sufuria analitangaza. Nilitaka kucheka, nikauona uso wake, nikaacha. Nyumba ilipobaki tupu nikachukua brashi ya rangi ili niandike jina jipya mlangoni. Akanishika mkono.

"Na mlango wa nyuma?"

Nikazunguka kuangalia. Kumbe kuna mtu ameketi kule anamenya viazi, hana habari. Nikamjua papo hapo kwamba ni ile mashine yetu ya majaribio, ambayo nayo inazisoma diski zetu hizohizo. Ndotoni mashine inaweza kumenya viazi, na wala huoni ajabu. Nikamwomba atoke, akatoka na beseni lake.

"Sasa andika," akasema Mama Tumaini. "Humu hamna tena wa kupotea."

Niliamka mkono ukiwa juu, naandika hewani. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amekunja mikono.

"Baba Irene, huyo Salome unayemtaja usingizini ni nani?"

"Mama Tumaini."

"Huyu huyu tuliyemzika?"

"Huyo huyo."

"Nimepika kwenye msiba wake mpaka wageni wa mwisho wakaondoka," akasema taratibu, "sikujua kama anaitwa Salome." Nikalia kidogo, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa nimemkumbuka sana.

Kulipopambazuka nikampigia simu Bwana Kessy. Nikamwambia hatubadilishi jina la diski yoyote yenye kitu ndani. Tutahamisha mafaili kwanza kwenda diski nyingine, katalogi iandike kila faili lilikohamia. Tutahakikisha mashine ya majaribio imeiachia ile diski, ndipo tuibadilishe jina ikiwa tupu.

"Hiyo si kazi ya leo wala kesho," akasema. "Kwani tukibadilisha hivihivi, data itafutika?"

"Haitafutika."

"Sasa unaogopa nini?"

"Jumatatu wazee watakuja, wataambiwa hawapo."

"Na watakuwa wapo?"

"Watakuwa wapo, bosi. Wote, wamo humo humo ndani."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Anza kuhamisha," akasema.