Gari Lililougua Kila Ijumaa

Leo nimeshika ndoo nioshe gari, mke wangu akanipigia kelele: "Injini usiiguse!"

Tangu miaka ya themanini hajasahau.

Wakati huo gari letu kuukuu lilikuwa linamisi kila Ijumaa. Linakohoa na kushtukashtuka mpaka msikitini, Malindi nzima inatazama. Jumamosi halina neno!

Nikabadilisha plagi. Wapi! Nikamshuku jirani ana husuda, nikaacha kumsalimia, Mungu anisamehe.

Mwishowe nikalipeleka kwa fundi, akaniuliza, "Kwani Ijumaa asubuhi huwa unalifanya nini?"

"Naliosha. Na injini naimwagia ndoo nzima."

Akafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, maji yakachuruzika.

"Shehe, unayekwenda kuswali ni wewe. Gari unalitawadhishia nini?"

Haya, chekeni.

Jioni ile nikaenda kumsalimia jirani.

Akanijibu, "Gari limeshakauka?"