Singe Nyumba Kubwa, Ala Nyumba Ndogo

Watu wenye akili zao hukusanya ng'ombe. Mimi nakusanya singe, vile visu virefu ambavyo askari wa zamani walivichomeka kwenye mdomo wa bunduki, pamoja na ala za kuvitia. Nilianza nikiwa karani katika kiwanda cha chai, na sasa nimestaafu nina ukuta mzima sebuleni. Mke wangu anauita ukuta huo bucha. Watu wa kanisa wakija kwa maombi, yeye hutandaza kitambaa juu yake, na ndiyo maana nusu ya kanisa letu inaamini tuna televisheni kubwa kuliko ya mchungaji.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilikuja Kericho kijana kutafuta kazi, nikaipata, nikabaki mpaka mvi. Mtu wa kuja kuwa na visu ukutani ni jambo la kuchekesha miaka minne. Mwaka wa tano, ule wa uchaguzi, mke wangu huniambia nizizike singe zangu kwenye migomba, nami huzizika bila ubishi. Matokeo yakitangazwa na nchi ikitulia, nazifukua, nazipaka mafuta, nazirudisha mahali pake. Majirani wanajua kila kitu na hawasemi kitu. Mmoja tu aliwahi kuniuliza kama ndizi zangu zimekomaa.

Shida kubwa ya kazi hii ni ndoa. Singe nyingine zilitoka kwa fundi zimepigwa namba shingoni, na ala ikapigwa namba ileile mdomoni. Halafu vikaja vita, vifo, wezi na wauza vyuma kuukuu, kila mmoja akaenda njia yake. Ukutani kwangu kila kisu kinaishi katika ala ya mwingine, na zinabana au zinacheza, kama ndoa zote za kulazimishwa. Sikuwa na jozi hata moja ya halali. Nilitaka moja tu kabla sijafa. Wenzangu waliostaafu walikuwa wakiomba Mungu awape wajukuu.

Mvua ya huku haibishi hodi. Ilinikuta upande wa Sotik, nimetoka kuangalia mtamba ambaye sikuwa na nia ya kumnunua, nikakimbilia baraza ya nyumba ya kwanza niliyoiona. Ndani nikasikia chuma kikikwaruza mbao. Mlango ukafunguka, na bibi kizee mmoja mrefu akasimama pale ameshika komeo la mlango. Komeo lenyewe lilikuwa singe.

Nilisahau hata kusalimia. Ilikuwa ndefu, ya enzi za keya, wale askari wa Mwingereza, mpini wake mweusi kwa mikono ya miaka mingi, na shingoni namba ilionekana wazi chini ya kutu. Kutu nzuri kabisa, ambayo hakuna mjinga aliyewahi kuisugua kwa mchanga.

"Ilikuwa ya mzee," alisema alipoona macho yangu yamegandia wapi. "Alitoka nayo vita ya Burma. Sasa inafunga mlango."

"Na ala yake, kogo?" Kogo ni nyanya kwa lugha ya hapa, na ni moja ya maneno machache ya Kikipsigis ambayo nayatamka bila kuchekwa.

Uso wake ulijifunga. Akaelekeza kidevu ng'ambo ya mistari ya chai, kwenye nyumba ya mabati ya buluu. "Hiyo iko kwa yule."

Yule alikuwa mke mwenza. Mzee alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kugawa mali kwa desturi, nyumba kwa nyumba, kila mke na watoto wake. Ng'ombe walikwenda sawa, chai ikaenda sawa, hata vibuyu. Ikabaki singe ndani ya ala yake, na kila nyumba ikaitaka. Wazee walikuwa wamenusa nyama jikoni tangu asubuhi. Mmoja wao akaichomoa, akaipa nyumba kubwa kisu na nyumba ndogo ala, wakaenda kula. Haki ilitendeka, hakuna aliyepunjwa hata unywele, na tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakusemezana. Waliishi karibu kiasi kwamba kuku wa mmoja akitaga, mwingine anajua.

Mvua ilipokatika nilivuka mistari ya chai. Mke mdogo alikuwa mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, na alinikaribisha kabla sijasema shida yangu. Ala ilikuwa imetundikwa juu ya meko. Ndani yake alikuwa ametia sosiot, ule ufito wa kusugulia vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, nao ulikaa humo kana kwamba ala ilishonwa kwa ajili yake. Moshi na samli vilikuwa vimeitunza ile ngozi kuliko jumba lolote la makumbusho. Nilifuta masizi kwenye mdomo wake wa chuma kwa kidole gumba. Namba ilikuwa ileile. Niliisoma tena, tarakimu kwa tarakimu.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Wanawake wawili wasiopendana, kila mmoja na nusu ya kitu kisichomfaa: ungedhani ni suala la kutaja bei tu. Wiki iliyofuata nilimpelekea mke mkubwa kufuli jipya na blanketi mbili.

"Kufuli iko na ufunguo," alisema, akizikunja blanketi vizuri na kuziweka ndani. "Ufunguo inapotea. Hii imepotea lini?"

Nilimweleza kwamba nitalipa vizuri. Alinitazama kwa huruma.

"Kijana, kitu nusu haiuzwi. Wewe unauza ng'ombe mguu moja? Yule akikubali ya kwake, na mimi nitakubali."

Kuitwa kijana kulinipa nguvu za kuvuka mistari ya chai mara ya pili. Mke mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Akubali yeye kwanza. Si yeye ndio mkubwa?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi baada ya kustaafu. Msimu mzima nilikwenda na kurudi kati ya nyumba mbili, na maneno yao nikayabeba. Sikuyabeba yote. Mkubwa akisema, "Mwambie huyo mwizi wa sukuma wiki afunge mbuzi yake," mimi nilifika nikasema mwenzako anauliza mbuzi anaendeleaje. Mdogo akisema, "Mwambie hiyo mzee ya roho mbaya mimi sina shida na yeye," nilifikisha sehemu ya mwisho tu. Kikipsigis changu kibovu kilinisaidia sana. Baada ya muda maneno yakaanza kulainika yenyewe hata kabla sijayashika, na siku moja nikajikuta kwenye ile njia nimebeba boga. Wiki iliyofuata nikarudi na maziwa. Mke wangu aliuliza kama nalipwa mshahara au natafuta wokovu.

Nilipoona wameiva, niliwaalika wote wawili kwangu waone ukuta. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wakiona singe yao itakaa na wenzake mahali pazuri, pakavu, watalegea. Niliomba kila mmoja aje na chake, tulinganishe namba. Nilikodi gari. Mkubwa alikaa mbele na singe ndani ya gunia la unga, mdogo akakaa nyuma na ala ndani ya kikapu, na njia nzima walizungumza na dereva tu.

Mke wangu aliondoa kitambaa mbele ya wageni kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Mke mkubwa alisogea, akagusa ya kwanza kwa ncha ya kidole.

"Hii ni ya nani?"

Nikamweleza kiwanda kilichoitengeneza, aina ya bunduki, na kwa nini mpini wake ni adimu.

"Sikuuliza fundi. Nimeuliza mwenyewe."

"Sijui, kogo."

"Na hii?"

"Sijui."

"Na hii fupi?"

Nilikasirika. Mkusanyaji hapendi maswali ya aina hiyo, na huwa hatuyaulizani. Mke mdogo alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Pole sana," aliniambia. "Umeweka watu wengi hapa na hujui hata moja."

Walisogea pamoja mpaka mwisho wa ukuta. Halafu mdogo akasema, bila kugeuka, na hakuwa anasema nami, "Unakumbuka Krismasi?"

Niliona mabega ya mkubwa yakitulia. Kila Krismasi baada ya chakula, kumbe, mzee alikuwa akivaa koti lake la jeshi, anapiga gwaride uani peke yake, anachomoa singe, anawapigia ng'ombe saluti, kisha anairudisha alani bila kuangalia. Wake zake walikuwa wakisimama mlangoni kungoja kama leo atajikata kidole. Mwaka mmoja, pombe ikiwa imezidi gwaride, aliikosa ala akatoboa koti.

"Mimi ndio nilishona hiyo koti," alisema mkubwa.

"Ulishona na uzi nyeupe. Koti ya kijani."

"Ungeshona wewe!"

"Ulininyima sindano."

Wakaanza kucheka, mkubwa kwanza, kicheko chenye kutu kama komeo lake. Alifungua gunia. Mdogo akachomoa sosiot, akashika ala kwa mikono miwili, na mwenzake akaelekeza kisu. Kiligoma kidogo kwenye masizi, halafu kikaingia chote mpaka shingoni kwa mkwaruzo mrefu ulioishia na mlio mdogo wa chuma kugusa chuma. Wote wawili walifumba macho. Mke mkubwa alisema jina la mumewe, taratibu, kama mtu anayemwita ale. Walilia, na mimi nikatokwa na machozi pembeni, machozi ya mnunuzi.

Chai ilipoletwa, nilikohoa, nikagusia ile biashara yetu.

"Biashara gani?" aliuliza mke mkubwa.

"Kogo, ulisema nusu haiuzwi."

"Ndio. Nusu haiuzwi kwa sababu ni nusu. Sasa imekuwa mzima, nani anauza mzima?"

Mke wangu alikimbilia jikoni akauma kitambaa cha vyombo. Panzi walikuwa wamepatana, na kunguru akalipia gari la kuwarudisha. Waliketi wote wawili nyuma.

Walikubaliana kupokezana. Msimu huu itakaa nyumba kubwa, msimu ujao nyumba ndogo. Kwa kuwa magoti ya wote wawili hayakupenda ule mteremko, na kwa kuwa hakuna aliyewaamini wana wa mwenzake, walihitaji mtu wa katikati wa kuivusha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni mwenyewe anatibiwa na nani.

Kwa hiyo nikawa naivusha. Zamu ikifika napigiwa simu, naondoka Kericho, nanyweshwa mursik upande huu, nabeba ile singe juu ya mikono miwili mpaka upande wa pili, nanyweshwa tena. Njia ni fupi, nami niliipita polepole kuliko maharusi. Katikati, pale chai inapokuwa ndefu na hakuna anayeona, nilikuwa naichomoa na kuirudisha mara moja ili nisikie mlio. Jozi yangu ya halali ilikuwa mkononi mwangu, kwa urefu wa mistari kadhaa ya chai.

Mwaka huu, kwenye miezi ya baridi, mke mkubwa alifariki. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Siku chache baada ya mazishi mke mdogo alinipigia, ingawa zamu haikuwa imefika na singe ilikuwa kwake. Nilimkuta ameketi nayo mapajani.

"Chukua," alisema.

"Naipeleka ng'ambo, kogo?"

"Peleka kwako. Weka kwa ukuta. Sitaki pesa. Mimi nitapokezana na nani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyaota maneno hayo. Nilijaribu kukataa kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyokataa sahani ya pili, kisha nikaipokea na kutoka kabla hajabadili mawazo. Njia ya kwenda barabarani hupita mbele ya nyumba kubwa. Nilitembea haraka, sikuichomoa hata pale katikati.

Mkaza mwana wa marehemu alikuwa uani akianika nguo. Aliniona nakuja na ile singe juu ya mikono miwili, kama siku zote. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik na kikombe, akaviweka kwenye benchi ya baraza, akapangusa viganja kwenye leso yake na kuninyooshea mikono.

Nilihitaji kusema sentensi moja tu. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili, na nilikuwa nayo hata kwa kile Kikipsigis changu. Nikamkabidhi. Aliichomoa, akatundika ala kwenye msumari, akajaribu kisu kwenye mlango. Kikaingia mahali pake. Nilikunywa mursik wangu nikijilaani kimoyomoyo kwa lugha tatu.

Nilipotoka, mke mdogo alikuwa amesimama mwisho wa chai yake, amejishikiza kwenye nguzo ya ua. Alikuwa ameona yote.

"Imefika?" aliita.

"Imefika, kogo."

Aliutazama ule mlango.

"Sasa," akasema, "zamu yangu ni lini?"

"Mahindi yakivunwa," nikamjibu, nikashika njia ya kwenda nyumbani.