Kilo za Mzani

Jirani yangu wa Kihonda haketi kabla hajakiminya kiti kwa kiganja mara mbili, kama anayechagua papai. Kisha husema "bismillahi" na kujishusha polepole, mkono mmoja ukutani. Mwaka huu amevunja viti vitatu vya plastiki mbele za watu, kimoja msibani. Juzi alinipeleka mjini nishuhudie akinunua kiti cha kuchezea gemu. Zamani seremala alikupima kwa kamba, akakuchongea kiti cha mninga hadi wajukuu wakirithi. Siku hizi tunaamini karatasi.

"Kinabeba kilo mia moja hamsini, kaka," alisema Shadia, muuzaji.

"Za mzani, au za lumbesa?" jirani alinong'ona. Amepakia viazi vya Mgeta miaka mingi, anajua gunia la kilo mia linavyojazwa hadi likaota kichwa.

"Kaa tu. Wenye miili yenu ndio tumewaletea."

Alikiminya, akaomba, akaketi. Kiti kililia kidogo, kikanyamaza. Mgongo wote ule mrefu ukaegama, hata kichwa kikapata mto. Akafumba macho.

"Hicho cha maonyesho, kaka. Chako kipo kwenye boksi."

"Nipe hiki hiki, dada," alijibu bila kuinuka. "Cha kwenye boksi bado hatujajuana."