Ndoo ya Gatini na Mwani wa Kinjumbi

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo chetu cha vipimo Kilwa alinikabidhi ndoo yenye kamba na kipimajoto. "Binti, chota maji gatini, soma papo hapo, andika." Nilitoka Rondo, kwa wakulima wa korosho, bahari nilikuwa naijua kwa kusimuliwa. Nikajiona nimeajiriwa kuchota maji, basi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Upepo ukivuma hukoroga maji ya juu na ya chini, joto likagawanyika. Ukifa, jua hupasha ya juu peke yake. Sehemu hiyo inayokorogwa tunaiita tabaka la juu la bahari, na hesabu za kompyuta zinazokadiria joto lake kwa kufuata hali ya hewa ndizo modeli. Nilihamishiwa Lindi kuzifanya, chini ya Mkuu wa Modeli, mzee mkali asiyejua kunong'ona. Modeli yetu ilisahihishwa kwa vipimo vya gatini, vingi vikiwa vya mkono wangu.

Mwaka mmoja upepo wa kaskazi ulikufa mapema. Bi Zuhura, kiongozi wa akina mama wanaolima mwani Kinjumbi, akanipigia simu ofisini Lindi.

"Mwanangu, kamba tulizofungia mwani tuzihamishie kwenye kina kirefu, au tuziache?"

Mwani ukipata joto kali hugeuka mweupe na kukatika, na nyumba zao zilikuwa zikila kwa mwani huo.

Modeli ilisema waziache palepale. Nilipofungua mdomo kumjibu, nikakumbuka gati. Pale wazee hupita asubuhi nzima. Shikamoo, marahaba, wa nyumbani hawajambo, mikorosho imechanua? Mimi mtoto wa Rondo ningempaje mzee kisogo nisome kipimajoto? Nilimaliza salamu kwanza, huku ndoo inapigwa upepo na maji yanapoa. Vipimo vyangu vya miaka yote vilikuwa chini ya ukweli! Basi bahari ilikuwa na joto kuliko modeli ilivyosema.

"Hamisheni, Bi Zuhura. Leo hii," nikasema. Kisha nikaenda kwa Mkuu wa Modeli, nikamweleza yote.

"Umeniharibia modeli kwa shikamoo?" alifoka.

"Ndiyo, Mkuu."

"Barua ya kukufukuza naiandika leo."

Akina mama walihamisha kamba. Chache zilizobaki kwenye maji ya kina kifupi, mwani wake ulikuwa mweupe kabla ya Ijumaa ya pili. Barua haikuja. Tulitupa vipimo vyangu, tukaanza upya, na Mkuu akanifundisha kwa subira ambayo sikuitarajia, hadi nikarithi kiti chake.

Sasa nimestaafu. Wakuu wangu wote nawashukuru, wakali na wapole. Lakini deni moja la radhi, kwa vipimo vilivyokaribia kuwapotezea akina mama mwani wao, lilinikaa rohoni, nikalipeleka Kinjumbi. Bi Zuhura alinisikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nilijua siku ileile, mwanangu. Bosi wako alinipigia kuuliza kama umenionya. Akasema anakufukuza. Nikamwambia: ukimfukuza huyo, mimi nitampigia nani simu?"