Kisima Kisicho na Mwenyewe

Shangazi yangu alikuwa na ulimi mkali, na akishaamua jambo hata kaka zake walikaa kimya. Alipofungua ile kesi yake alifikia kwangu Makorora, hapa Tanga, mkononi ana chupa ya maji iliyozibwa kwa kitambaa. Ukiifungua tu, uvundo unakupiga.

"Hii nitamnusisha hakimu," alisema. "Apende asipende."

Maji yale yalitoka kwenye kisima alichochimba babu yangu upande wa Kenya, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Babu alikitoa wakfu: kila mwenye kiu anywe, na thawabu zimfikie yeye kaburini. Kijiji kizima, shangazi akiwemo, kilikitegemea. Halafu upande wetu wa Tanganyika kikajengwa kiwanda cha mkonge chenye korona, ile mashine ya kusaga majani, na maji yake machafu yakaachiwa mtaroni. Yakashuka kijitoni, yakavuka mpaka bila kuulizwa pasi, yakapenya kisimani. Mbuzi wakafa. Watoto wakatoka upele, wakaharisha. Shangazi akamzika mjukuu wake.

Mahakama ya kwao ilimwambia kiwanda hakiko kwao, aende Tanga. Huku wakili wake, Mhindi mmoja mpole, akatueleza kwamba hakimu atataka kwanza kujua mwenye hasara ni nani.

"Mama, ukiulizwa kisima cha nani, sema changu, nimerithi kwa baba. Basi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaona tumeshashinda.

Siku ya kesi aliapishwa kwa Msahafu. Wakili wa kiwanda, Mzungu mrefu, akamuuliza kupitia mkalimani jambo moja tu: "Kisima hiki ni mali yako?"

Shangazi akautazama mkono aliouapia. Moyoni namwambia, sema, shangazi, sema changu yaishe!

"Hasha," akasema. "Ni cha Mwenyezi Mungu. Baba alishakitoa. Nikisema changu nitakuwa nimempokonya maiti sadaka yake."

Wakili wetu akavua miwani. Hakimu akasema kwamba mdai hana mali iliyoharibiwa, kwa hiyo hana la kudai. Kesi ikafutwa, chupa haijafunguliwa hata kitambaa. Nilitamani kuivunja palepale mezani kwake. Hana la kudai! Na yule mtoto je?

"Nimekosea?" aliniuliza njiani.

"Hukukosea," nikamjibu, na hasira niliyokuwa nayo juu yake siwezi kuieleza.

Kijijini walimnunia. Watu walewale ambao angesema changu wangemwita mla wakfu, sasa wakamlaumu kwamba kawaponza wote. Mmoja mmoja wakahama. Yeye akabaki, akawa anachota palepale, anachemsha, anakunywa. Maradhi ya tumbo hayakumwacha tena, na ndiyo yaliyomuua.

Tulipofika msibani hapakuwa na maji ya kumwoshea maiti. Ya kisimani yalikuwa ya kijani, yananuka, hayafai hata kutawadhia. Bomba la karibu lilikuwa moja tu, ng'ambo ya mpaka, kwenye lango la kiwanda. Nikaenda na wanawake wenzangu wawili, kila mtu na debe lake. Bawabu akatupa pole, akatufungulia. Tukarudi na madebe kichwani, tukiufuata mtaro uleule, na shangazi tukamwosha kwa maji ya kiwanda. Yalikuwa safi kabisa.